Tulivyompeleka Mama Bujora: ya kupanga kabla hamjatoka nyumbani

Kama una mzazi mzee aliyekulia Usukumani, na una watoto ambao Kisukuma chao kinaishia kwenye salamu ya asubuhi, "mwangaluka", wapeleke Bujora pamoja, tena mapema, kabla magoti ya mzee hayajakataa ngazi. Wengi tunaoishi Mwanza tunapita Kisesa kila tukienda Magu, Bunda au Musoma. Kibao cha makumbusho tunakiona, tunasema tutakuja siku moja, gari linapita. Baba yangu alifariki kabla siku hiyo haijafika. Alijua habari za watemi, wale watawala wetu wa jadi, kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, na hakuna aliyeziandika. Mama naye sasa amevuka miaka 75, presha anayo, magoti yanamsumbua, na nilijua kwamba nikisubiri kila mtu apate nafasi, sitabaki na wa kumuuliza.

Kwa asiyepajua, Bujora ni kilima kilichopo kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara ya Musoma. Unapita Igoma, unafika Kisesa, unaacha lami, unakata kushoto na kuingia barabara ya vumbi kwa mwendo wa kama kilomita 2. Juu kuna parokia ya Katoliki, na ndani ya eneo hilo hilo ndiko yaliko Makumbusho ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni padre wa Kanada, mtu wa Quebec, David Clement, wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Kanisa lilijengwa miaka ya 1950, makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968, yaani miaka 5 tu baada ya serikali kufuta mamlaka ya watemi mwaka 1963. Ukiwa pale, tarehe hizo zikae kichwani. Utemi ulipokwisha, ngoma na viti vya enzi havikuwa tena na kazi, na kijijini kitu kisicho na kazi huliwa na mchwa.

Usitegemee kuta za mawe. Ikulu za watemi wetu zilikuwa za miti, udongo na nyasi, kwa hiyo hazikuacha magofu kama yale ya Kilwa. Kilichopo Bujora ni maisha ya ikulu na ya boma la kawaida yaliyojengwa upya, nyumba moja moja, kwenye uwanja wenye miti na mawe. Unatembea kutoka banda hadi banda. Kwa mtu mwenye miguu mizima ni matembezi mepesi, ila kwa Mama palikuwa na shughuli, na sehemu kubwa ya haya ninayoandika imetokana na hilo.

Mpango wa kwanza aliuleta kaka yangu, na ulikuwa mpango wa watoto. Asubuhi Bujora, mchana boti ya kwenda Saanane, jioni samaki. Kwa maneno unapendeza. Saanane ni kisiwa cha hapa hapa mjini, unakifikia kwa boti kwa muda mfupi tu. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Watoto walikuwa wameshaahidiwa swala na pimbi. Nilisema Mama hataiweza siku ya namna hiyo, Mama mwenyewe akasema ataiweza, na mzee akishasema hivyo mbele ya wajukuu hakuna wa kumbishia. Saanane hatukufika. Tuliporudi mjini jua lilikuwa limeshalala upande wa ziwa, na mtoto wa mwisho wa kaka alilia kuanzia Igoma hadi Buzuruga. Alikuwa na haki ya kulia, kwa sababu aliahidiwa. Msiunganishe sehemu hizi mbili siku moja mkiwa na mzee. Bujora peke yake inachukua zaidi ya nusu siku, maana mzee hapiti mbele ya vitu na kuviangalia tu. Kila kimoja kina habari yake, na habari ya mzee huikatishi.

Usafiri ndio uliokula hela. Mtu mwenye nguvu zake anapanda daladala za Kisesa, anashuka senta, anachukua bodaboda hadi juu, na gharama yake haifiki mbali. Mama hawezi kupanda bodaboda. Tukakodi Noah, tukakubaliana shilingi 90,000 kwenda na kurudi, mafuta juu ya dereva. Neno ambalo halikutajwa kwenye makubaliano ni kusubiri. Saa saba mchana dereva alianza kupiga honi, saa nane akaja mwenyewe bandani na kusema kila saa ya kusubiri ina bei yake, na kama hatulipi anashuka mjini kutafuta abiria. Alitaja 40,000. Mume wangu alikasirika, na sauti zikapanda mbele ya watu. Mama alikuwa amekaa kwenye kivuli akasikia yote, akaanza kusema basi twendeni, mimi nimechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa anatuondolea gharama, kama wazazi wetu wanavyofanya siku zote. Hicho ndicho kiliniuma kuliko hela yenyewe. Tulimalizana kwa 20,000, na nilimwambia Mama kwa sauti, dereva akisikia, kwamba gari ni letu hadi yeye atakaposema tuondoke.

Kwa hiyo ukikodi gari, taja saa ya kutoka, taja saa ya kurudi, taja kusubiri, na ulipe nusu tu asubuhi. Viingilio na malipo ya mwongozaji havikutuumiza. Bei hubadilika, hivyo uliza kabla, na uulize pia utaratibu wa picha, hasa kama una mtoto mwenye simu ambaye hawezi kupita kitu bila kukipiga.

Kuna jambo jingine la kumaliza mkiwa bado nyumbani, na hili ni zito zaidi ya gari. Wifi yangu, mke wa kaka, ni mlokole. Bujora kuna banda la tiba za jadi. Alilijua hilo tukiwa njiani, mmoja wa watoto aliposoma kwa sauti kutoka kwenye simu, na ndani ya Noah pakawa kimya. Akasema wanawe hawataingia nyumba ya mganga. Kaka akasema ni makumbusho tu. Yeye akajibu kwamba hajui kama vitu vile viliwahi kuombewa. Mume wangu akataka kuleta utani, nikamkanyaga mguu.

Mimi namheshimu wifi yangu, na nadhani kila familia ya huku kwetu ina mtu wa namna yake. Kanda hii imeumizwa. Watoto wetu wamekua wakisikia redioni habari za vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, na za watu wenye ualbino waliowindwa kwa sababu ya maneno ya wapiga ramli. Mama yangu mwenyewe ana macho mekundu, ya moshi wa kuni za miaka yote ile, na kuna wakati wanawake wa umri wake waliogopa kujitazama kwenye kioo. Huwezi kumwambia mtu aliyekulia katika hofu hiyo kwamba aache ushamba. Lakini mazungumzo hayo yanataka sebuleni, jioni, siku kadhaa kabla ya safari. Yakifanyika ndani ya gari mbele ya watoto sita, kila mtu anasema zaidi ya anachotaka kusema.

Mama ndiye aliyeyamaliza, bila kumshinda mtu. Alimwambia wifi, "Mwanangu, wewe kaa nje na hawa wadogo, si dhambi. Mimi nitaingia niangalie kama mizizi niliyowachemshia hawa walipokuwa wanaumwa tumbo bado wanaijua." Wifi akacheka kidogo, na gari likaanza kupumua.

Tulifika saa tano kasoro. Hiyo ni saa mbaya. Tulikuwa tumepanga saa mbili na nusu, lakini kuwaogesha watoto, kumsubiri Noah, kurudia dawa za presha zilizosahaulika mezani, asubuhi ikaisha. Jua la saa sita juu ya kile kilima halina huruma, na kati ya banda na banda unatembea wazi. Nendeni mapema, na mbebe maji zaidi ya mnavyodhani. Mwamvuli wa Mama ulifanya kazi kuliko kitu chochote tulichobeba. Kiti cha plastiki kile kidogo cha kukunja, ambacho kaka alikipinga kukibeba, tulikifungua kila banda.

Jumamosi ni siku nzuri. Jumapili asubuhi kanisa ni la waumini, na hupati nafasi ya kuliangalia kwa utulivu, isipokuwa kama mnakwenda kusali.

Mwongozaji msimkwepe. Kuna watu waliotukuta getini wakasema watazunguka wenyewe, wakazunguka kweli, wakamaliza haraka wakaondoka. Vitu vingi pale, bila mtu wa kuvisemea, ni kibuyu, ni ngozi, ni chuma. Yule wetu alikuwa kijana. Alipomwona Mama anashuka kwenye gari alimwendea, akainama, akasema "Mwangaluka, mayu," Mama akaitikia, wakaendelea Kisukuma kwa muda mrefu, nyumbani kwenu wapi, ukoo gani, mnamjua fulani. Watoto walisimama wakisikiliza bibi yao anazungumza lugha ambayo nyumbani anaitumia kwenye simu tu, akiwa chumbani. Mama anatoka upande wa Nera, moja ya nchi za watemi wa zamani. Kijana alipolisikia hilo alijua la kufanya. Kila alipoeleza kitu alimaliza kwa kumgeukia: "Na kule kwenu, mayu, mlifanyaje?" Sijui kama alifundishwa au ni malezi. Ukimpata mwongozaji wa namna hiyo mpe na chai juu ya malipo yake.

Tulianzia kwenye boma la jadi. Nyumba ya msonge, vyungu, vibuyu, vifaa vya mfua chuma. Mwanangu wa kwanza, yuko kidato cha pili, alitegemea Mama atahuzunika kuona vitu vya zamani. Mama hakuhuzunika hata kidogo. Alikagua. Alipita mlangoni kwa kuinama kama mtu anayeingia kwake, akatazama paa kwa ndani, akasema nyasi zimepangwa vizuri. Akashika kizingiti, akaanza kueleza nani alilala wapi, ndama walifungwa wapi, mgeni wa kiume alikaribishwa mpaka mstari gani na haruki. Mwongozaji aliacha kuongea. Nikawaambia watoto waweke simu kwenye kurekodi sauti, waache picha. Picha za vyungu ziko nyingi duniani. Sauti ya bibi yenu akieleza kwa nini mlango wa nyumba unakuwa mfupi hamtaipata popote pengine. Simu mbili ziliishiwa chaji kabla ya mchana, kwa hiyo bebeni na pawabenki.

Sehemu ambayo sitaisahau ni ya namba. Kuna kifaa kama pipa, unakizungusha kwa mkono, kimeandikwa namna za kuhesabu moja hadi kumi. Si namna moja. Zamani kila rika lilikuwa na hesabu yake: wavulana, wasichana, vijana wa kiume, wanawake, wazee. Rika moja likihesabu, rika jingine halielewi, na ndiyo ilikuwa maana yake. Watoto walilizungusha wakicheka, wakisoma maneno vibaya. Mama alikuwa nyuma yao amekaa kwenye kiti chake. Akanyanyua mkono wa kulia na kuanza kukunja vidole, kuanzia kile kidogo, akitamka kwa sauti ya chini. Alifika kwenye kidole cha nne akasita. Akafungua vidole vyote, akaanza upya. Safari hii alivuka mkono wa kwanza, akagusa kidole gumba cha mkono wa kushoto kwa ajili ya sita, na hapo ikamkatika. Mwongozaji alikuwa amefungua mdomo amsaidie, akaufunga. Mama alikaa hivyo, gumba limeshikwa, macho ameyafumba. Kisha akasema namba hizo hakuwahi kuzitumia yeye, alizisikia kwa bibi yake mzaa mama wakipalilia pamba, na zile za mwisho bibi alikuwa anazitamka haraka sana akicheka, kwa sababu kulikuwa na wanaume wanapita njiani.

Miaka yote hii sikuwahi kumsikia akimtaja bibi yake huyo akicheka. Nilimjua kama jina kwenye orodha ya ukoo. Binti yangu ameandika zile namba kwenye daftari lake la shule, za kwanza kama alivyozitamka Mama, zilizobaki kama zilivyoandikwa pale.

Kutoka hapo tukaenda kwenye banda la watemi. Jengo lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ngoma za watemi ziko ghorofani. Hapo ndipo ninapowaambia habari ya magoti. Nilimshauri Mama abaki chini tumletee picha. Alinitazama tu. Alimshika mjukuu wake bega, mkono mwingine ukutani, akapanda ngazi moja, akapumzika, akapanda nyingine. Tulichukua muda mrefu na waliokuwa nyuma yetu walisubiri bila kunung'unika. Kama mzee wako hawezi kabisa, mwambie mwongozaji mapema, akusimulie yaliyoko juu mkiwa chini kwenye kivuli, ili asibaki peke yake nyote mmepanda.

Ngoma hizi hazijawekwa pale zikae kimya. Hupigwa bado, siku za sikukuu za kanisa na wageni wakubwa wanapokuja. Usukuma ulikuwa na watemi wengi, kila mmoja na nchi yake, na ngoma ndiyo iliyotambulisha kwamba hapa pana mtemi. Mama alisema baba yake alikuwa akisikia ngoma alfajiri na kujua leo ni siku ya shamba la mtemi, anabeba jembe anatoka hata kabla ya uji. Mtoto wa kaka, ana miaka 10, akauliza kama mtemi akifa mwanawe ndiye anarithi. Mwongozaji akasema zamani hapana, alirithi mtoto wa dada yake. Mtoto akasema hiyo si haki. Ikawa mjadala mkubwa pale juu, hadi Mama alipomwambia: "Mtoto wa dada yako hana shaka ni damu yako. Wa mke wako umeambiwa tu." Wakubwa tulicheka, mtoto akabaki anawaza. Njiani kurudi alimuuliza baba yake kama shangazi, yaani mimi, nina mtoto wa kiume. Ninaye. Akanyamaza.

Kwenye banda la tiba wifi alibaki nje na wadogo, kama walivyokubaliana. Waliingia wakubwa na Mama. Mwongozaji alieleza mizizi na majani, alieleza pia mambo ya mizimu bila kuficha na bila kuyatangaza. Mama alitambua mizizi michache, mingine akasema hiyo si ya kwetu. Hatukukaa sana. Tulipotoka wifi aliuliza tu, "Salama?" na Mama akamjibu salama, akakaa karibu yake, akamwomba maji. Kama tungelisukuma jambo lile, siku yote ingeharibikia pale. Asiyetaka kuingia apewe kivuli chake na heshima yake.

Kanisa, kwa upande mwingine, wifi ndiye aliyelipenda kuliko sote. Ni dogo, la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, na viti vyake ni vigoda vya jadi. Wifi alikaa kwenye kigoda kimoja, na alipotoka alisema hakujua kama mzungu wa miaka ile angeweza kuona nyumba zetu kuwa zinafaa kuwa nyumba ya Mungu. Alilisema kwa uzito. Mimi ambaye si Mkatoliki nilikubaliana naye. Kusanya vitu vya watu uwezavyo, lakini kukubali kusali ukiwa umekaa wanavyokaa wao ni jambo la kiwango kingine.

Chakula hatukubeba cha kutosha. Watoto walimaliza maandazi kabla ya saa sita, na Mama anatakiwa kula kwa wakati kwa sababu ya dawa. Tulishuka Kisesa kula sato na ugali wa udaga, yaani wa muhogo, kwa mama lishe karibu na barabara, na ulikuwa mzuri, ila ilikuwa saa tisa, na Mama mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Hili nalisema bila kulizungusha: mzee mwenye presha au sukari asiende na familia yenye njaa ya kujifunza bila chakula chake mwenyewe kwenye hotipoti, kimefungwa na kina saa yake. Tungebeba hata matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na chupa ya chai, zingetosha kumvusha hadi Kisesa. Usiku ule alilala vizuri, asubuhi presha tulipima ikawa kwenye kiwango chake cha kawaida, lakini ile saa ya tisa pale mezani mimi na kaka hatukutazamana.

Ngoma za kuchezwa hatukuziona. Wengi hufika wakidhani wachezaji wapo tu wanasubiri. Kikundi hupangwa mapema na kulipwa, na kwa familia moja gharama hiyo ni nzito. Tafuteni familia nyingine mbili tatu, au jumuiya, au kwaya, mchangie. Ukitaka kuziona zote kwa pamoja, nenda Juni, kwenye Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma inayofanyika wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Hapo wanashindana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo ushindani wao ni wa tangu karne ya 19. Wanacheza wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye anayeshinda. Kwa hiyo umati si watazamaji tu, miguu yenu ndiyo kura. Utaona bugobogobo, ngoma ya majembe, na utaona wanaocheza na chatu.

Mama ameshaanza kuuliza Juni inaanza siku gani. Yeye ni wa Bagalu kwa upande wa baba, na amewaambia wajukuu wasije wakamtia aibu kwa kusimama upande mwingine. Kaka ameshaongea na dereva tofauti, bei ya siku nzima hadi magharibi, kusubiri kukiwa ndani. Wifi amesema atakuja na wanawe wote. Ngoma ya majembe hana neno nayo. Ya nyoka ikianza, yeye na wadogo watakwenda kukaa kanisani.